Amelala, Dada

Milcah alikuwa mwanamke wa maneno. Hili tuliseme mapema, kwa sababu upo wakati katika maisha yake alipofunga kinywa, na aliyemjua wakati huo tu angedhani ndivyo alivyoumbwa. Sivyo kabisa. Katika landi za reli pale Nakuru, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari nyuma ya karakana ya magari moshi, watu walisema king'ora cha kazi kinalia bure, kwa maana Mama Joash ameshawaamsha. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mrefu, mwenye mwanya, aliyemfuata mumewe mjini na kikapu kimoja na kuku mmoja. Kuku ndiye aliyeuzoea mji kwanza.

Mumewe, Wasike, alikuwa mfunga mabehewa. Kazi yake ilikuwa kuingia katikati ya behewa na behewa, kushika kiungo cha chuma kizito, kukitia pini, kisha kuruka nje na kupuliza filimbi ili gari livute. Ni kazi inayomfunza mtu kunena machache, basi nyumba ile ilikuwa imegawana sawa: mke maneno, mume filimbi.

Milcah alikuwa ameokoka. Alikuwa wa ule ushirika uliokutana kila Jumapili asubuhi katika ukumbi wa mabati karibu na soko, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na wengineo, wote wakiongea Kiswahili cha kubahatisha na kusalimiana "Bwana asifiwe." Huko mtu husimama akasema mbele ya ndugu dhambi yake ya juma hilo na rehema alizoziona, na hakuna aliyependa kusimama kama Milcah. Wasike hakuokoka. Alisema taa moja yatosha chumba kimoja.

Walikuwa na watoto wawili. Namalwa alikuwa bado mgongoni. Joash, kifungua mimba, alikuwa na miaka mitano, na alikuwa amejifunza kupuliza filimbi kwa vidole viwili kama baba yake, hata siku moja akasimamisha gari la mizigo lililokuwa limebeba udongo mweupe wa Kariandusi. Wasike alimchapa kofi moja kwa ajili ya bwana mkubwa aliyekuwa anatazama, kisha akaenda nyuma ya ghala akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka ule ziwa la Nakuru lilikauka. Upepo wa mchana ulileta vumbi lake jeupe mpaka ndani ya sufuria, na kila mtu alikohoa kidogo. Joash naye akakohoa. Mama akampa asali. Akazidi kukohoa, na usiku mmoja kikohozi kikageuka sauti: mtoto alikohoa, akakohoa, pumzi ikamwishia, halafu akaivuta kwa mlio mrefu kama jogoo anayejifunza kuwika. Awuor, jirani wa ukutani, Mjaluo mwenye kifua kipana na kicheko kipana zaidi, alikuja asubuhi bila kicheko. Akasema, "Mama Joash, hiyo ni kifaduro. Hiyo si ya asali. Peleka mtoto hospitali."

Kifaduro huambukiza. Hospitalini walimweka Joash katika wodi ya peke yake, nyuma, iliyozungushiwa uzio wa waya, na mama mwenye mtoto mwingine mgongoni hakuruhusiwa kupita. Angeweza kuja Jumapili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, tena amwache mdogo nyumbani. Siku nyingine zote alisimama kwenye uzio jioni akisubiri habari. Kilichomtesa zaidi si ukali wa ugonjwa, ambao hakuuelewa sawasawa, ila kukosa usingizi. Aliujua mlio ule. Alijua mtoto wake hajafumba macho kwa siku nyingi ila kwa kuibia, na kila akisinzia kikohozi kinamkamata shingoni na kumwinua.

Kwa hiyo akaomba jambo moja. Aliliomba akifua, akisonga ugali, akimfunga Namalwa mgongoni. Aliliomba ukumbini kwa sauti, na ndugu wote wakaitikia amina. Alisema, "Bwana, mlaze mtoto wangu. Sikuombi makubwa. Alale tu."

Ukumbuke maneno hayo. Yeye hakuyasahau.

Aliyempa habari pale kwenye uzio alikuwa dresa, yaani msaidizi wa wauguzi, wa wodi hiyo, Ndung'u, naye ndugu wa ushirika uleule. Alikuwa Mkikuyu mwembamba, mtaratibu, mwenye mikono mikubwa ambayo watoto waliipenda. Ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na kuwa Mkikuyu Nakuru wakati huo ni kutembea na shingo imeinama. Wenye kiapo, watu wa wapiganaji wa msituni, walimjia Ndung'u akale kiapo, akakataa, akasema damu ya Mwana-Kondoo inamtosha, wakamwita msaliti. Serikali nayo ilisema kila Mkikuyu husema hakula. Basi alikuwa mtu asiye na upande, na kila jioni kafyu ilipokaribia ilimbidi aondoke mbio asikutwe barabarani.

Jumamosi moja Milcah alifika kwenye uzio jua likishuka nyuma ya mashamba ya Njoro. Ndung'u alitoka wodini akiwa amekwisha vaa koti lake la kwenda nyumbani. Alikuja taratibu mpaka kwenye waya, akamtazama, macho yake mekundu.

"Amelala, dada," akasema. "Tumsifu Bwana."

Milcah alipiga magoti palepale mavumbini. Alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa akalia kwa nguvu, mabega yakitikisika. Ndung'u akapitisha vidole kwenye tundu la waya akamgusa kichwani. "Ameshinda," akasema. "Kijana ameshinda, dada. Amepumzika." Ndipo askari wa langoni akapiga kelele: wewe Mkikuyu, unangoja nini, unataka kulala ndani leo? Ndung'u akageuka akaenda zake mbio.

Laiti askari yule angekohoa kwanza. Laiti Ndung'u angesema neno moja zaidi, au Milcah angeuliza moja, yeye ambaye maisha yake yote hakukosa la kuuliza. Lakini watu wa ushirika ule walikuwa na desturi yao. Ndugu akifariki hawakusema amekufa, neno hilo waliwaachia wapagani. Walisema amelala, na palepale walimsifu Bwana. Ndung'u alisema kama mtu wa ushirika asemavyo. Milcah alisikia kama mama asikiavyo.

Alikimbia mpaka stesheni kumwambia mumewe. Wasike alipotoka kazini alipita kwa mchinjaji akarudi na nyama, jambo lisilo la kawaida. Wakamwita Awuor. Wakala, wakanywa chai, Wasike akamwigizia Namalwa jinsi kaka yake alivyosimamisha gari la mizigo. Usiku ule wote wawili walilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue.

Asubuhi ukumbini, Ndung'u akiwa hakufika siku hiyo, kabla hata ya wimbo wa kwanza kwisha, Milcah alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Ndugu, mnajua niliomba nini. Niliomba Mungu alaze mtoto wangu. Nyinyi mlisema amina. Basi jana amelala! Ndung'u ameniambia mwenyewe. Mungu amesikia mimi, mwanamke wa landi. Mimi namshukuru, namshukuru, hata angenipa nini kingine sitashukuru kuliko hii!"

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Waliimba ule wimbo wao wa shukrani ambao kila mtu aliujua, hata asiyejua lugha yake, na Milcah akacheza katikati, Namalwa akiruka mgongoni. Walipomaliza, bibi mmoja Mkikuyu, Wawira, aliyefanya kazi ya kuchuma pareto mashambani kwa wazungu, alimjia akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Dada, mimi nimezika wanne," akasema. "Hakuna hata siku moja nilisimama hivi. Umenifunza."

Milcah alimkumbatia, akafikiri moyoni kwamba maskini, umri umemchanganya. Kumbe katika ukumbi mzima ni bibi yule peke yake aliyesikia sawasawa.

Mchana akamwacha Namalwa kwa Awuor, akachukua yai la kuchemsha, uji wa wimbi katika chupa, na shati safi la Joash alilolipiga pasi kwa bidii. Walimruhusu kupita. Aliingia wodini akinyata, kwa sababu hakutaka kumwamsha.

Kitanda kilikuwa na godoro lililokunjwa.

Nesi alikuja, mama wa makamo, akamtazama mkononi, akaliona shati. "Mama, hukuambiwa?"

"Niliambiwa amelala."

"Ndiyo, mama," nesi akasema polepole. "Amelala."

Hapo ndipo Milcah alipolielewa neno. Hakupiga yowe. Alikaa kwenye chuma cha kitanda kile, akiwa ameishika chupa ya uji kwa uangalifu isimwagike, akamwuliza nesi kama Joash alimwulizia mama yake. Nesi akasema hakuwa zamu hiyo. Dresa aliyekuwepo ni Ndung'u, naye haji mpaka kesho.

Kutoka hapo alikwenda kwa miguu mpaka uwanja wa mabehewa. Wasike alikuwa katikati ya reli na filimbi mdomoni, akamwona akija anavuka mahali wanawake hawaruhusiwi. Akaitoa filimbi.

"Umetoka kumwona? Amelala bado?"

Milcah alitafuta neno jingine. Alilitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kibukusu, na kila alilolipata halikukubali kutoka mdomoni. "Amelala," akasema.

Wasike akatabasamu. Alitabasamu kweli, akainua mkono kumpungia mwenzake. Halafu akamtazama mkewe tena, akaona shati.

Joash alizikwa kwenye makaburi ya mjini, mbali na Kimilili, mbali na babu zake, katika udongo wa vumbi ambao hata mgomba haukubali. Wasike hakulia mbele ya watu. Waliporudi nyumbani alikaa kizingitini, akaongea zaidi ya alivyozoea.

"Nataka kukuuliza, Mama Joash. Wewe uliomba mtoto alale?"

"Niliomba."

"Huyo Mungu wenu. Hajui Kiswahili?"

Na swali hilo, ambalo mumewe alilitupa kwa uchungu tu na pengine akalisahau, lilimwingia yeye mifupani likakaa. Ama Mungu hakusikia, na basi amekuwa akizungumza na paa la mabati. Ama alisikia, akachukua neno lake mwenyewe akamgeuzia, kama mchuuzi wa sokoni anayekupa ulichotaja badala ya ulichotaka. Hakujua lipi ni baya zaidi. Zaidi ya yote palikuwa na ile shukrani. Mtoto wake akiwa maiti, yeye alikula nyama. Mtoto wake akiwa maiti, yeye alicheza. Na maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa ameshukuru, tena mbele ya watu, tena kwa kuapa kwamba hatashukuru kingine zaidi ya hicho.

Alitaka kumwuliza Ndung'u. Alitaka pia kumkwaruza uso. Hakupata nafasi ya hayo wala haya, maana Jumatatu ileile ya mazishi malori yalikuja alfajiri yakawazoa wanaume wa Kikuyu mtaa kwa mtaa. Ndung'u alitoweka pamoja na wengi, na hakuna aliyejua amepelekwa wapi.

Watu wakaja na maneno yao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walimwengu huubeba kwa kidole kimoja wakikuonyesha jinsi ya kutembea. Subira huvuta heri, wakamwambia. Mungu ana makusudi yake. Kazi ya Mola haina makosa. Kila mmoja aliyesema alirudi nyumbani akiwa amejisikia vizuri zaidi, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya maneno ya namna ile.

Awuor peke yake hakusema. Yeye aliingia, akajitupa chini, akalia kwa sauti ambayo landi zote zilitoka nje kuisikiliza. Alilia kwa Kijaluo, akamtaja Joash kwa jina, akamtaja na filimbi yake. Alipochoka akapangusa kamasi kwa kanga, akasema, "Wewe hujalia. Watu wenu wa kanisa wanasema shukuru, shukuru. Sisi kwetu mtu analia kwanza. Mungu anangoja, hana haraka." Ndipo Milcah alipolia.

Baada ya hapo akafunga kinywa. Nyumbani alisema yaliyo lazima. Na kuna neno moja aliloliondoa kabisa. Namalwa alipokua akaanza kuelewa, hakuwahi kuambiwa na mama yake alale. Aliambiwa "fumba macho," au "nyamaza sasa," au "pumzisha kichwa." Awuor alimtania: "Wewe unaongea na mtoto kama daktari wa macho!" Milcah hakucheka. Majirani nao, kwa huruma, wakaacha kumwita Mama Joash. Hakuna aliyepanga. Siku moja mmoja alisema Mama Namalwa, na mwingine akafuata, na jina la kwanza likazikwa polepole, tena na watu wanaompenda. Lilimuuma, lakini hangeweza kuwaambia warudi kulisema.

Ukumbini hakuacha kwenda. Hilo ndilo lililomshangaza kila mtu, na Wasike kuliko wote. Kila Jumapili alivaa, akaenda, akakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Hakuimba. Wakisema "Bwana asifiwe" midomo yake haikufunguka. Wangeci, aliyekuwa kiongozi wa akina mama, mwanamke mwema lakini mwenye haraka ya kuona matunda, alimfuata nje siku moja.

"Dada Milcah, unafungwa na uchungu. Tembea nuruni. Simama ushukuru, utaona utafunguliwa."

"Mimi nilishashukuru," Milcah akamjibu. "Nilishukuru mapema kuliko nyinyi wote."

Ni vizuri kusema kwamba tangu siku hiyo Wangeci hakumsumbua tena, na kwamba mara kadhaa alikuja kukaa naye benchi la nyuma bila kusema kitu.

Ukimwuliza Milcah mwenyewe alikwenda kufanya nini pale, hakujua jina la jambo hilo. Hakwenda kuomba, alikuwa ameapa hataomba neno lolote, kwa kuwa maneno yake yana hatari. Alikuwa kama mtu aliyekwenda ofisini kwa shauri lake, akaambiwa kaa hapo, kisha ofisa akaingia chumba cha ndani akafunga mlango. Wengine huondoka wakitukana. Yeye alikaa. Moyoni alisema, "Niko hapa. Sijaenda kwingine. Wewe ndiye unajua tulichoongea." Hayo tu, juma baada ya juma, na hakujibiwa. Mvua ikanyesha, ziwa likarudi na heroe wake, wale ndege wa rangi ya waridi, watu wakasahau vumbi. Namalwa akaota meno yote, akajua kukimbia. Milcah akakaa benchini.

Ikaja siku, miaka ikiwa imepita, Milcah amempelekea mumewe chakula stesheni. Gari la kutoka upande wa Kisumu lilikuwa limesimama, likibadilishiwa kichwa. Katikati yake palikuwa na mabehewa yenye waya wa kusuka madirishani: wafungwa wa Emajensi wakihamishwa kutoka kambi za kule Ziwa Viktoria kupelekwa upande wa kwao. Watu wa jukwaani waliyatazama kwa pembe ya jicho. Milcah aliweka sufuria kwenye benchi akamngoja Wasike, ambaye alikuwa chini kati ya kichwa kipya na behewa la kwanza.

"Mama Joash!"

Aligeuka kabla ya kufikiri. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu lini. Hakuona mtu.

"Mama Joash! Hapa!"

Vidole vikubwa vilikuwa vimeshika waya. Uso uliokuwa nyuma yake ulikuwa umekonda, na nywele zimeanza mvi, lakini vidole alivijua.

Alikwenda mpaka chini ya dirisha. Askari mwenye bunduki akapiga hatua. Ndipo Wasike akatokeza kichwa kati ya mabehewa, akamwona mkewe, akaona vidole, akaelewa. Akarudi chini. Punde akasikika akimpigia gadi, msimamizi wa gari, kelele: "Pini imekataa! Kiungo imepinda! Ngojeni!" Pini hiyo alikuwa ameshaitia mwenyewe, tena vizuri. Sasa akaitoa, akawa anaigonga kwa nyundo kila mahali isipopaswa kugongwa. Askari, ambaye alimjua Wasike na nyundo yake, alitazama upande wa Menengai kana kwamba mlima ule umeletwa jana.

"Bwana asifiwe, dada," Ndung'u akasema.

Milcah hakuitikia. Kilichotoka ni kile alichokibeba miaka yote. "Uliniambia amelala!"

"Ndiyo, nilikuambia."

"Mimi nilijua amelala! Amelala usingizi! Tulikula nyama, Ndung'u. Nilicheza kanisani. Nilimpelekea yai!"

Ndung'u alikuwa mtu aliyepitia mengi huko alikotoka, na nyuso za namna ile hazibadiliki kwa urahisi, lakini wa kwake ulibadilika. Akaegemeza paji la uso kwenye waya. "Mungu wangu," akasema. "Ulilia. Nilikuona ukilia. Nilijua umeelewa."

"Nililia kwa furaha."

Nyundo iligonga. Gadi alitukana kwa lugha tatu.

"Dada, nisamehe. Nisamehe. Lakini nisikilize, hawa wataniondoa." Alipangusa uso kwa bega. "Siku ile mchana alikohoa sana, akachoka. Nikamtoa kitandani nikamweka hapa." Aligonga kifua chake. "Nikakaa naye dirishani. Akaniuliza kama hiyo filimbi inalia stesheni ni ya baba yake. Nikasema ndiyo, ni ya baba. Akanyamaza anasikiliza. Halafu alilala. Dada, alilala! Usingizi wa kweli. Kikohozi ikamwacha kabisa. Alikoroma kidogo, mate ikanimwagikia kwenye shati. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu, nikasema leo mama yake akija nitamwambia amelala. Nilikaa sikutikisika hata kidogo, nisimwamshe. Alilala saa nzima, pengine na zaidi. Halafu nikaona hapumui. Sijui ni saa gani. Roho ilitoka ndani ya usingizi, mimi mwenyewe sikusikia."

Milcah alikuwa ameushika ule waya kwa chini.

"Si hiyo niliomba," akasema. "Mimi niliomba alale aamke."

"Najua, dada."

"Sikusema aamke. Nilifikiri Mungu anajua."

"Anajua," Ndung'u akasema, naye sasa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mbele ya wafungwa wenzake. "Mimi sijui kwa nini. Huko nilikotoka nimemwuliza mambo mengi, hajanijibu hata moja. Lakini huyo mtoto alilala, dada. Hiyo niliona kwa macho yangu."

Gadi alikuwa amekuja mwenyewe kuangalia kiungo, na pini, kwa ajabu, ikaingia mara moja. Filimbi ya Wasike ikalia, fupi, isiyo na nguvu. Gari likavuta. Vidole vikatoka kwenye waya. Milcah alikwenda nalo hatua chache, kisha akasimama, na kabla behewa halijapita jukwaa akapaza sauti ile ya zamani, ya kushinda king'ora:

"Nimekusamehe! Ndung'u! Nimekusamehe!"

Kama alisikia hatujui. Hawakuonana tena duniani.

Wasike alipanda jukwaani, mikono imejaa grisi. Milcah akamwambia yote, na alipofika kwenye filimbi mumewe aligeuka akatazama reli, akaitazama kwa muda mrefu. Chakula kikapoa. Hakuna aliyekigusa.

Milcah alirudi landi mchana ule jua likiwa kali. Namalwa alikuwa amekaa kizingitini kwa Awuor, macho yamelegea, kichwa kinaangukia kifuani kisha kinajiinua, kwa maana amecheza tangu asubuhi. Milcah akambeba ndani akamweka kitandani, kile kitanda ambacho yeye na Joash walikuwa wakilalia zamani.

"Lala," akamwambia.

Mtoto akafumbua macho. "Mama, umesema nini?"

"Nimesema lala, mwanangu."

"Halafu?"

"Halafu utaamka."

Namalwa aliridhika, akageukia ukuta, na mara pumzi zake zikawa nzito. Milcah akavuta kigoda karibu. Kisha akafungua kinywa, akaomba kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kilekile, kwa kuwa hakutaka pawe na kosa tena.

"Bwana," akasema, "sijui kwa nini ulifanya hivi. Uliniumiza, na bado inauma. Sitasema haiumi. Lakini wewe mwenyewe, katika Neno lako, ulisema aliyekufa amelala. Mimi ni mama yake Joash. Aliyelala huamka. Basi mimi nangoja."

Nje, Awuor alikuwa anamkaripia kuku. Kutoka stesheni ilisikika filimbi, Wasike amerudi kazini. Kulikuwa na nguo za kufua, na maji ya kuteka, na moto haujawashwa. Milcah hakuondoka kwenye kigoda. Alikaa akimtazama Namalwa, mkono wake juu ya mgongo mdogo ule unaopanda na kushuka, mpaka mtoto alipoamka.